Naibu na Nyuso Zisizo na Majina

Chuo chetu kimepitiwa na wakuu wengi, na baadhi yao siwakumbuki hata sura, lakini naibu tulikuwa naye mmoja tu. Alikuwa naibu nilipofika pale kama mwanafunzi, akawa naibu bado niliporudi kufundisha, na alipostaafu tukaendelea kumwita Naibu mbele ya mtu aliyechukua nafasi yake, ambaye maskini mpaka leo tunamwita kwa jina la ubatizo. Jina la Naibu mwenyewe niliwahi kuliona kwenye cheti changu. Halikumfaa hata kidogo.

Ofisi alikuwa nayo, karibu na bohari, ila ukiamua kumngojea humo ungeota mvi. Alikuwa kiguu na njia. Ungeambiwa yuko jikoni, ukifika jikoni ametoka sasa hivi kwenda shamba la mboga, na ukifika shambani unaonyeshwa kikombe chake kimeachwa juu ya nguzo ya ua, chai bado inatoa moshi. Wapishi walizunguka kila jioni kukusanya vikombe vyake, kwenye tangi la maji, madirishani kwa wakufunzi, juu ya kiti cha pikipiki. Mikutanoni alikaa karibu na mlango, na mazungumzo yalipoanza kunoga alisimama akasema, "Tusizeekee hapa," akatoka, na mkutano ukafa papo hapo. Nami ni mtu wa haraka, kwa hivyo mwanzoni hatukuelewana. Watu wawili wenye haraka hukanyagana mlangoni.

Kilichomtuliza kidogo kilikuwa picha. Zilikuwa picha za kale za chuo, za wanafunzi wa mwanzo, jamaa zao na waanzilishi. Alizikuta bohari ndani ya sanduku la bati, chini ya taa mbovu, siku ambayo mkuu mmoja alikuwa ameamuru takataka zote za humo zichomwe. Hilo lilitokea kabla yangu, lakini wapishi wanalisimulia bado, jinsi alivyotoka na sanduku kifuani akimwambia mkuu wake maneno ambayo naibu hamwambii mkuu. Wengine husema ndiyo sababu hakupandishwa cheo. Yeye nilipomuuliza alinijibu kwamba mkuu wa chuo hana nafasi ya kwenda Mikinduri siku ya kazi kuulizia marehemu.

Ukizipitia haraka utaona watu wale wale. Vijana wa kaptula pana na miguu mitupu wamepangwa mbele ya nyumba ya mabati, hapa juu ya Muthara, mahali ambapo sasa pana maabara. Vijana hao hao wana majembe. Akina mama waliokuja kuwaona watoto wao wamesimama mbali, viondo mgongoni, hawaiamini kamera. Mwanzilishi mzungu na mkewe wako barazani, wazee wa kanisa wamechuchumaa mbele yao. Picha nyingi hazikuwa na maandishi yoyote nyuma, na yale machache yaliyokuwepo ndiyo yaliyompandisha Naibu hasira. Kuna moja ambayo mwanzilishi ameketi, na kando yake mzee mmoja ameshika kamba ya mbwa. Nyuma yake wameandika jina la mwanzilishi, jina la mkewe na jina la mbwa. Mzee hana jina.

Jambo hilo lilimla Naibu moyo. Alituambia darasani, kwenye ibada ya asubuhi, hata siku ya michezo, kwamba katika chuo hiki mbwa anajulikana na aliyemshika hajulikani. Alizunguka na picha hiyo Tigania nzima. Mwishowe akaelekezwa kwa kitukuu wa mzee huyo, upande wa Mikinduri, akamkuta juu ya mti akivuna miraa. Naibu akapaza sauti kutoka chini, akajieleza kwa heshima zote, na yule bwana akamjibu bila kuacha kazi, "Mwalimu, leta hiyo picha huku juu. Mimi siwezi shuka, gari inangoja." Naibu alipanda, na tai yake shingoni na viatu vya ngozi. Alirudi chuoni suruali imechanika gotini, akaingia moja kwa moja katika somo langu bila hodi, akaliandika jina la mzee ubaoni juu ya hesabu zangu. Wanafunzi wakapiga makofi. Mimi niliudhika, halafu nikaona machozi yake nikaacha kuudhika.

Alikuwa na namna yake ya kuuliza, na alinifundisha mimi pia nilipoanza kumsaidia. Hairuhusiwi kumwuliza mtu, "Huyu ni nani?" Ukiuliza hivyo, alisema, mtu wa huku atakupa jina lolote ili usirudi nyumbani mikono mitupu, maana ni aibu mgeni kutoka kwako bila kitu. Unakaa, unakunywa uji, unauliza habari za mvua na ng'ombe. Kisha unampa mzee picha mkononi, unanyamaza, unangoja kidole chake kiende chenyewe. Alikiamini kidole kuliko mdomo. Huo ndio wakati pekee niliomwona akingoja kitu chochote bila kuangalia saa.

Lakini huyu huyu aliyewajali sana marehemu, walio hai walimshinda. Majina yetu hayakumkaa kichwani. Aliita watu kwa kwao: wewe Muthara, wewe Runyenjes, wewe Chuka. Mimi nilikuwa Mikinduri tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye pia alikuwa wa Mikinduri, akawa Mikinduri wa Pili, jambo lililomkera mpaka anaolewa. Alipotuadhibu kwa kukata nyasi alikuja kusimamia, akaanza kutusimulia nani aliyepanda ile miti ya ua na aligombana na nani, kengele ikalia nyasi zikiwa pale pale. Alitaka viatu vyetu ving'ae ilhali kamba za vyake zilikuwa wazi. Na yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Katika picha zote za mahafali niliyohudhuria utaona mkuu, utaona wakufunzi, kisha utaona kiti kitupu cha mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Mtu hai mmoja tu ambaye Naibu alimheshimu bila kusahau jina lake alikuwa binti yake wa kwanza, Igoki. Naibu alikuwa Mmbeere wa Kiambere, na kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Akishapewa jina ndiye huyo mama. Naibu alimwita "Mama" tangu akiwa kwenye nepi. Alipokuja chuoni wakati wa likizo, kabinti kembamba ka darasa la pili, baba yake alisimama akampisha mlangoni, akamwuliza mbele yetu kama anaruhusiwa kuuza ndama. Sisi Wameru tulicheka tukashika mbavu. Igoki alijibu kwa uzito wote kwamba ndama asiuzwe.

Mama mwenyewe, yule Igoki wa kwanza, alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo kupokelewa chuoni. Alipanda kutoka joto la Kiambere akaja kusoma katika baridi yetu, akarudi, akaolewa, akafa Naibu akiwa bado ananyonya. Hakumkumbuka hata kidogo. Nyumbani kwao hapakuwa na picha yake, na waliomlea hawakuwa watu wa kueleza eleza. Majina ya watu wengine Naibu aliyatafuta kwa sababu aliona ni haki yao. Huyu alimtafuta kwa ajili ya nafsi yake, na ninadhani ndiyo sababu aliingia bohari siku ile badala ya kupita.

Naye alimpata. Hivyo ndivyo tulivyojua sote. Ipo picha ya wasichana wamepangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na Naibu alipoipata tu alimpakia Igoki, wakati huo bado mtoto mdogo, kwenye pikipiki akateremka naye mpaka Kiambere. Alikaa kwa wazee, akanywa uji, akawapa picha, akanyamaza. Mzee wa kwanza kidole chake kilikwenda kwa msichana wa tatu. Katika boma la pili vivyo hivyo, na la tatu vivyo hivyo. Wakamwambia, huyu ndiye mama yako, mtu haulizi. Uso ule aliupeleka Meru mjini ukakuzwa, akauweka sebuleni, na hakuupeleka tena kwa mtu mwingine yeyote. Marehemu mkewe alikuwa akisema kidevu cha msichana yule ni cha kina Igoki kabisa. Naibu alijibu kwamba angeshangaa kama kisingekuwa.

Nilimkuta mara nyingi amesimama mbele ya picha ile na kikombe mkononi. Hakusema naye kwa sauti, hakuwa mtu wa vituko hivyo. Alimtazama tu kidogo kabla ya kutoka. Niliwahi kumwonea wivu, kwa sababu mimi mama yangu ninaye, tena ana simu, na simtazami hivyo.

Chuo kilipoamua kufanya maadhimisho, mkuu wa sasa alitaka picha za mwanzo zitundikwe ukutani katika ukumbi, zikiwa kubwa, kila moja na maelezo yake chini. Kazi hiyo nilipewa mimi, maana yake nilipewa Naibu. Alikuwa ameshastaafu lakini hakuwa ameondoka. Alikodi nyumba sokoni na kila asubuhi alikuwa langoni kabla ya askari. Aliyabadilisha maelezo mpaka mchapaji akaacha kupokea simu zangu. Leo familia zitangulie, kesho waanzilishi, keshokutwa waanzilishi warudishwe nyuma kwa sababu wao wana makaburi yenye majina. Nililala vibaya, nilikula vibaya, nilimsema vibaya. Ila picha ya wasichana haikuwa na ubishi. Chini ya msichana wa tatu palichapwa jina Igoki, na Naibu mwenyewe alishika ngazi ilipotundikwa.

Siku hizo nilikuwa nikizituma picha kwenye kundi la WhatsApp la waliosomea hapa, ili jamaa wasaidie majina yaliyobaki. Igoki, ambaye sasa ni muuguzi Embu mjini, yumo humo kwa ajili ya baba yake. Jumamosi moja alikwenda kumwona cucu yake, mama mzaa mama, na katika kumchangamsha akamwonyesha picha ya wasichana kwenye simu. Jioni akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea huku na huku.

"Madam, cucu amejiona," aliniambia. "Yule wa tatu. Anasema huyo ni yeye."

Nikamwambia kwamba wazee huchanganya mambo. Akanieleza kwamba amewataja wasichana wote waliosimama pale, na majina yao ni yale yale tuliyokwisha kuyapata kwa familia zao. Cucu alisoma hapa, hakumaliza hata mwaka, akarudishwa nyumbani kuolewa, na jambo hilo halikuzungumzwa tena na mtu. Hata binti yake, mke wa Naibu, alikufa bila kulijua. Na Naibu angeuliza vipi? Huyo alikuwa mama mkwe wake. Watu wa kwao hawamkodolei mama mkwe macho. Ukikutana naye njiani unapisha, ukisema naye unatazama chini, na nyumbani kwako haji kukaa sebuleni kutazama picha. Katika Kiambere nzima hilo ndilo boma pekee ambalo Naibu hangeweza kuingia na picha za wasichana mkononi.

Nilimwuliza Igoki kama mama mzaa baba yake yumo mahali popote katika picha ile. Akasema cucu anasema hayumo. Kisha akaniomba nisimwambie baba yake mpaka maadhimisho yapite.

Nilijaribu. Nilimaliza siku mbili tatu nikipita ukumbini na kutoka kama mwizi, na kila nikimwona kwa mbali najificha maktaba. Mkuu nilipomdokezea alisema tuache ilivyo, nani atajua, wageni wanakuja mwezi huu. Nikaona nikimsikiliza mkuu nitamchukia Naibu kwa jambo asilolifanya. Nikamfuata ukumbini nikamwambia yote, nimesimama, bila salamu.

Kwanza alinikatalia. Wazee wa Kiambere walionyesha wenyewe, hakuna aliyewaambia neno. Vidole vya maboma matatu. Halafu akaitazama picha, na nikaona anatazama kitu kingine kabisa.

"Nilimpakata," alisema. "Mtoto nilikuwa nimempakata. Walikuwa wanamtazama Igoki, kisha wanatafuta uso wake humo ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Walimwona Igoki amekaa mapajani mwa baba yake, na kwao huyo alikuwa Igoki yule yule amerudi, kwa hivyo walimtafuta mama katika picha kwa sura ya mtoto. Sura hiyo mtoto aliirithi upande wa mama yake. Hakuna aliyedanganya. Naibu aliweka kikombe chake juu ya ngazi, akatoka, na kwa siku kadhaa hakuonekana langoni. Nilipita nyumbani kwake nikakuta mlango umefungwa. Mahali pa picha, nilipochungulia dirishani, palikuwa na msumari tu.

Alirudi asubuhi moja kabla ya ibada, amenyoa, amevaa koti. "Mikinduri, twende," alisema. Sikuuliza wapi. Niliuliza kwa nini mimi. Akajibu kwamba yeye hawezi kumtazama na mtu lazima amtazame.

Igoki alitupokea Embu na gari lake, na baba yake akanunua sukari, majani ya chai na shuka nzito, kwa sababu ukweni huendi mikono mitupu hata ukiwa unakwenda kupokonywa kitu. Tukateremka. Kijani kiliisha, mbuzi wakaanza, na upande wa kulia maji ya bwawa yakawa yanaonekana na kupotea kati ya vichaka. Naibu alifungua dirisha akalifunga, akalifungua, mpaka binti yake akalifunga kabisa kwa kitufe cha upande wake.

Bomani alipewa kiti uani, akakigeuza kidogo aelekee zizini. Cucu alikaa mlangoni pake. Alikuwa amekula chumvi nyingi lakini kichwa kilikuwa kizima, na vidole vyake havikutetemeka alipoipokea picha. Walisemeshana kupitia kwa Igoki, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana. Kimbeere chao nilikifuata bila shida. Hakiko mbali na Kimeru.

Naibu alimwambia binti yake amwulize cucu kwa nini Igoki wa kwanza hayumo pichani. Cucu akaeleza. Mpiga picha alikuja siku hiyo pamoja na wageni, na msichana mmoja alitakiwa abaki jikoni kuangalia sufuria za wageni. Zamu ilikuwa ya Cucu. Alilia, maana alikuwa mgeni bado, na walikuwa wameahidiwa kwamba kila familia itapelekewa picha, naye alitaka nyumbani wajue kwamba yu mzima. Igoki akamvua aproni akaivaa yeye. Akamwambia kwamba yeye atapigwa picha siku nyingine.

"Na siku nyingine haikuja," Cucu alisema. "Hata hiyo picha hawakutupelekea."

Naibu alitaka kujua sura yake. Cucu alijitahidi. Mweusi wa kiasi. Si mrefu. Paji la uso hivi. Akaanza tena akaacha, akasema uso humpotea kila anapotaka kuueleza, ila mtu mwenyewe yuko wazi kabisa. Kisha akacheka. Akaniita nisogee, akanionyesha midomo ya wasichana katika picha, nami nikaona kitu ambacho katika miaka yote sikuwa nimekiona: wote walikuwa wameibana. Tulidhani ni hofu ya kamera. Cucu akasema ni Igoki. Aliacha sufuria akaja akasimama nyuma ya mpiga picha na aproni yake, akawaigiza mwanzilishi na mkewe jinsi wanavyotembea, na wasichana walikuwa wamekatazwa kutikisika, sembuse kucheka.

"Hapo wote wanamtazama yeye," alisema. "Na chakula cha wageni kikaungua chote."

Naibu aliangua kicheko kimoja kikubwa, kikakatika katikati, akajifunika uso kwa viganja. Igoki akamshika bega. Mimi nililia bila kujificha, kwa sababu nilimpenda mzee yule na sikuwahi kumwambia.

Ndipo Cucu alipotoa neno ambalo nadhani alikuwa ameliandaa. Alimwambia Igoki amwambie baba yake auache ukuta ulivyo. Jina la mama yake likae pale pale lilipo. "Yeye alinipa nafasi yake," alisema, "na mimi nampa uso wangu. Mimi nimezeeka, sina haja nao. Nani atauliza?"

Igoki alifungua mdomo kulipeleka neno kwa baba yake, lakini Naibu alikuwa ameshalisikia. Alikigeuza kiti. Akainua kichwa akamtazama mama mkwe wake usoni, mchana kweupe, mbele ya binti yake na mgeni. Cucu alishtuka, mkono ukaanza kwenda kwenye kitambaa cha kichwa, kisha akauacha. Akamruhusu. Sijui alimtazama kwa muda gani. Uso ule alikuwa ameishi nao miaka mingi sebuleni, na sasa aliupitia polepole, kidevu, mashavu, macho, bila haraka yoyote.

"Hapana, mama," alimwambia mwenyewe, si kupitia kwa mtu. "Huu ni wako."

Akaniambia nitoe kalamu. Chini ya picha niandike majina kama yalivyo, kuanzia kushoto, na kwa msichana wa tatu jina la Cucu, lote, pamoja na la baba yake. Halafu mstari mwingine. Nikauliza mstari gani. Akafikiri.

"Hayupo pichani," alisema. "Igoki. Yuko jikoni."

Niliandika. Cucu alitaka kujua nimeandika nini, na Igoki akamsomea. Yule mwanamke mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamnyooshea Naibu kidole kwa ukali wa mtu mwenye haki ya kumfundisha.

"Hayuko jikoni," alisema. "Kama angekuwa jikoni, chakula kisingeungua. Andika ukweli."

Nikayakata maneno ya mwisho, nikaandika: Yuko nyuma ya mpiga picha.